Nyumba ya urithi Kiponda ukuta unabambuka, na mti wa mkungu wa kiwanjani majirani wanataka kuukata. Nisaidieni mawazo

MjukuuWaKiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine habari za saa hizi. Nina mambo mawili yananikera na yote yako mtaa mmoja kwa hiyo nayaweka pamoja.

La kwanza nyumba. Tumeachiwa nyumba na marehemu babu huko Mji Mkongwe Unguja, mtaa wa Kiponda. Ndugu tuko wengi lakini tushakubaliana haiuzwi, maana watu hawaishi kuja wanataka kuinunua waifanye hoteli na sie tunataka watoto wetu wakae humo. Sasa ukuta wa chini upande wa uani umechoka, plasta ya saruji iliyopigwa zamani kidogo inavimba halafu inabambuka vipande vizima, ukigusa nyuma yake mchanga mtupu unamwagika na kuna unga mweupe wa chumvi chumvi. Unyevu umepanda mpaka usawa wa kiuno. Na chumba cha juu yake boriti mbili zimeanza kupinda. Fundi aliyekuja kutazama anasema tubandue yote, tufunge wavu wa chuma, tupige saruji nzito, na uani tumwage zege pote ili maji yasipande. Bei yake tunaiweza. Lakini mzee jirani yetu alivyosikia akatikisa kichwa, akasema mtaiua hiyo nyumba.

La pili kiwanja. Mbele ya nyumba kuna kiwanja kidogo na katikati upo mkungu mkubwa, chini yake wazee wanacheza bao, watoto wakitoka chuoni wanaokota kungu, jioni muuza kahawa anakaa hapo na watu wanapumzika kwa sababu ndani joto. Wapo majirani wanataka ukatwe, patandikwe tofali za sakafu, iwe pahala pa kuegesha magari na vespa. Wanasema mizizi inavunja nyumba na majani yanachafua. Mie roho inaniuma kweli. Je mti unaharibu nyumba za mawe? Na hivi nyumba za zamani na miti vinaweza kukaa pamoja au lazima tuchague kimoja?

FundiNiru

Waalaykum salaam bibie. Huyo fundi msimamishe kwanza, usimpe hata pesa ya kuanzia.

Mzee wenu kasema kweli na ntakueleza kwa nini. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, ukuta unene nusu mita na kuzidi, chini hakuna zege wala karatasi ya kuzuia maji. Maji ya ardhini yanapanda ukutani kidogo kidogo siku zote, tangu siku nyumba ilipojengwa, na siku zote yalikuwa yakitoka kwa sababu plasta ya chokaa inapitisha, upepo unakausha, mambo yanakwisha. Ukija ukaziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta njia, ndio maana unauona unyevu kiunoni, na chumvi iliyomo ndani ya maji inabaki nyuma ya saruji, inaganda, inakuwa chembe chembe zinazoisukuma plasta mpaka inaachia. Huo unga mweupe ndio huo. Na ule mchanga unaomwagika ni chokaa na udongo wa ndani ya ukuta wenyewe vinalika, sio plasta tu. Halafu saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, ikibambuka inabanduka na uso wa jiwe. Kwa hiyo ukirudia saruji na wavu wa chuma juu yake, wavu utashika kutu kwa ile chumvi, kutu inavimba, na baada ya muda mtabandua ukuta sio plasta.

Zege uani hali kadhalika. Ua ukiwa wazi, maji yanapumulia pale. Ukiufunika wote, pahala pekee palipobaki wazi ni ukutani, basi huko ndiko yatakakokwenda.

Sasa mfanye nini. Anzeni juu, sio chini. Pandeni paani mtazame bati zinazovuja, mtazame milizamu (mifereji ya kutolea maji ya mvua paani) kama imeziba au imepasuka na maji yanachuruzika ukutani, mtazame na bomba za vyoo maana nyumba nyingi nilizofanya kazi ugonjwa wenyewe ulikuwa bomba la choo linavuja ndani ya ukuta na watu wanalaumu ardhi. Hilo likishazibwa nusu ya kazi ishamalizika.

Boriti msizichezee. Zile ni miti ya mikoko, na kinachooza mwanzo ni ncha zilizozama ukutani, hukuti kwenye katikati inayoonekana. Gonga karibu na ukuta kwa nyundo usikilize, iliyooza inalia uwazi, au choma kwa bisibisi uone kama inaingia. Kabla hujabandua hata ganda moja la plasta chini ya chumba hicho weka nguzo za kutegemeza dari, ukuta uliolika na boriti zilizooza ncha vikiguswa pamoja bila egemeo ndipo watu wanapoumia. Za kubadilisha ni zile mbovu tu, sio dari zima. Na msijaribu kupanua chumba, boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndio maana vyumba vyetu vyote virefu na vyembamba.

Halafu ndio ukuta. Bandueni saruji yote polepole kwa patasi, msitumie mashine ya kutingisha. Piga mswaki chumvi, uache ukuta wazi ukauke, wiki nyingi, msiwe na haraka na ikiwezekana msianze karibu na masika. Pengo pasipo na jiwe jazeni vijiwe na chokaa. Plasta ni chokaa iliyozimwa kwa maji ikalowekwa vizuri, ikikaa miezi ndio bora, na mchanga usiwe wa pwani kwa ajili ya chumvi. Pigeni mkono mwembamba, yaani tabaka moja, usubiri ushike, kisha mkono mwengine. Jua likiwa kali mwagieni maji na mfunike magunia, chokaa ikikauka haraka inapasuka, inataka muda inywe hewa ndio iwe ngumu. Juu yake niru (chokaa laini ya kumalizia) kama mnaweza, au pakeni chokaa nyeupe ya kawaida. Rangi ya plastiki msipake, inaziba vile vile.

Na kabla ya yote nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mkachukue kibali, ipo tangu 1985 kwa kazi hizi hizi na wana watu wa kuja kutazama nyumba.

Habari ya mti namuachia Bi Asumini, najua atakuja.

Mpita_Darajani

Fundi maelezo yako mazuri lakini mimi nasema ukweli wangu, watu wa Mji Mkongwe tunachoka. Kila kitu kibali, kila kitu chokaa, mafundi wa chokaa wenyewe wa kuhesabika, saruji ipo kila duka. Nyumba ya baba yangu imepigwa saruji na watu wanaishi. Na gari nazo ni haja za watu, nina mama mgonjwa, nikimpeleka hospitali namtembeza vichochoroni mpaka barabarani. Wanaotaka pa kuegesha si watu wabaya.

FundiNiru

Sheikh hujasema kosa, mafundi wachache ni kweli na hilo ndilo tatizo letu kubwa kuliko pesa. Lakini piga hesabu ya miaka. Saruji utairudia na kuirudia na kila ukirudia ukuta umepungua. Chokaa kazi yake kubwa ni mikono na muda, vitu vyenyewe vipo hapa hapa kisiwani. Kama una vijana mtaani niletee wawili watatu wakati wa kazi hii wajifunze, kuzima chokaa na kupiga plasta si elimu ya siri. Huko kwenye nyumba ya baba yako nenda kagonge ukuta wa chini usikilize kama plasta imeachia, kisha uniambie.

BiAsumini

Nimefika. Mwanangu MjukuuWaKiponda, mkungu usikatwe.

Kwanza tutenganishe miti maana watu wanachanganya. Mti unaovunja nyumba za mawe ni ule unaoota WENYEWE ukutani, mitini na jamaa zake, ndege anakula tunda anaacha mbegu kwenye ufa au kwenye mlizamu ulioziba, baada ya muda mzizi umeingia ndani ya chokaa na unapasua jiwe. Huo ukiuona mdogo ng'oa siku hiyo hiyo. Ukishakuwa mkubwa usiuvute, utatoka na ukuta, ukate, uue kisiki, kisha fundi ajaze ufa kwa chokaa. Tembeeni mtazame nyumba zilizohamwa, utaziona zina vichaka juu, na vichaka vimekuja kwa sababu hakuna mtu ndani wa kusafisha mlizamu. Nyumba inayokaliwa haifiki huko.

Mkungu wa kiwanjani ni habari nyengine. Umesimama mbali na kuta, mizizi yake inatafuta udongo na maji, na udongo wa wazi chini yake ndio unaonywa mvua. Ukiukata ukatandika tofali pote, mvua ya masika itaingia wapi? Itatelemkia milangoni kwenu na kwenye hizo kuta fundi anazosema zinatakiwa zikauke. Kwa hiyo mti ule unalinda nyumba zenu, waambieni majirani hivyo hivyo. Majani yanayodondoka ni ufagio tu.

Vichochoro vyetu vyembamba havihitaji miti, kuta zenyewe zinatupa kivuli na upepo wa bahari unapita, wazee walijua walichokifanya. Miti inatakiwa kwenye viwanja, pale jua linapopiga wima. Nendeni saa nane mchana msimame kwenye sakafu ya saruji isiyo na mti halafu muende chini ya mkungu, mwili wenyewe utakuambia. Na pwani pale Mizingani mtazame ule mti mkubwa unaoitwa Mtini, umepandwa 1911 na Sultan Khalifa, miaka yote hiyo mafundi wa majahazi wamefanya kazi kwenye kivuli chake na watu wanapumzika, hakuna aliyesema ukatwe paegeshwe gari.

Na Forodhani, walio wadogo hawakumbuki ilivyokuwa kabla haijatengenezwa. Bustani ile iliwekwa 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa, ikaja ikachoka, majani hakuna, ukuta wa bahari umelika, usiku kiza. Taasisi ya utamaduni ya Aga Khan wakaitengeneza pamoja na serikali, ikafunguliwa tena 2009. Waliutengeneza ukuta wa bahari, wakapanda miti na majani, wakaweka taa na njia, na wauza urojo na mishkaki wakapangiwa pahala pao badala ya kufukuzwa. Hilo la mwisho ndilo nnalolipenda zaidi. Jioni utaona watalii, ndio, lakini utaona na familia za Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, wamekuja na watoto wao na vijana wanaruka baharini. Bustani na majengo ya zamani vimekaa pamoja pale, hakuna kilichomdhuru mwenziwe.

Ndani ya ua wako panda asumini kwenye mtungi, mrehani, mkilua kama una pahala, mdimu mmoja kwenye udongo lakini uwe mbali na ukuta. Usimwagilie ukutani. Mie nina madebe ya rangi yaliyojaa mirehani juu ya dari na sijawahi kupata unyevu, kila debe nimelitoboa chini na nimeliinua juu ya mawe maji yasisimame.

KakaWaMvita

Salamu kutoka Mji wa Kale Mombasa. Hayo ya saruji yametumaliza sisi pia, roshani za mbao nzuri nzuri huko karibu na Ndia Kuu ziling'olewa zikawekwa za zege, ukuta wa chini haukujengwa kubeba zege, ukapasuka. Sasa mwenye nyumba analia.

Lakini nataka kumjibu huyo ndugu wa gari, kwa heshima kabisa na mamake Mola ampe afya. Lamu mji wote wa kale hauna barabara za gari, ni punda na miguu na mikokoteni, na UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wenu. Wagonjwa wako huko pia. Kinachohitajika ni pahala pamoja mwisho wa mtaa pa gari ya dharura kufika na kugeuza, basi. Kiwanja kikishakuwa pakingi ni pakingi mpaka kiyama, leo vespa nne, kesho gari ya kampuni ya watalii, na wazee wa bao hamtawaona tena, watajifungia ndani wakitazama simu.

Na msione mtaa mdogo hauwezi kusimamisha jambo. Nairobi 1989 serikali yenyewe ilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa, akaandika tena mpaka waliotaka kutoa pesa wakajitoa, bustani ikabaki. Nyinyi wenu ni mkungu mmoja na majirani mnaojuana kwa majina, mna nafasi nzuri kuliko yeye.

MkaaziUpanga

Wakuu mimi niko Dar, nasoma hapa naumia. Sisi mjini kati tumebomoa sana. Yale majengo ya ghorofa moja ya Wahindi yenye baraza chini na roshani juu, mengi yamekwenda, yamekuja maghorofa ya vioo ambayo bila AC huwezi kukaa, na miti ya barabarani ikaondoka nayo kupisha lami na mabomba. Kilichobaki kinaonyesha inawezekana, Boma la Kale pale karibu na bandari limejengwa enzi za Sultan Majid miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe hayo hayo, likakarabatiwa, leo kuna maonyesho ya historia ya usanifu wa jiji na watoto wa shule wanaingia. Nilikaa ndani saa saba mchana mwezi wa pili bila feni. Nyie mnacho ambacho sisi tunatamani tungekiacha, tafadhalini msikikate.

MjukuuWaKiponda

Ahsanteni nyote wallahi, nimesoma mpaka usiku na nimewasomea na ndugu zangu. Fundi wa saruji tumemwambia asubiri. Kaka yangu kauliza swali moja ambalo na mimi linanitia khofu: kama ukarabati ni mzuri hivyo mbona Beit al Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani, ilianguka ikiwa ndani ya ukarabati?

FundiNiru

Swali la haki. Beit al Ajaib imejengwa 1883 na Sultan Barghash, na si nyumba ya kawaida, ni jumba refu lenye nguzo za chuma na kumbi pana, vipimo ambavyo mawe na boriti peke yake visingeweza. Jengo lilikaa miaka mingi linachoka, 2012 sehemu ya pembeni ilianguka, watu wakaona, likabaki hivyo miaka mingine mpaka ukarabati mkubwa ukaanza kwa msaada wa serikali ya Oman. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na wafanyakazi wakapoteza maisha, Mungu awarehemu. Mie nilikwenda kusimama pale siku ya pili yake, sikuweza kusema neno.

Jibu langu kwa kaka yako ni kwamba matengenezo madogo ya kila mwaka ndiyo yanayookoa nyumba, ukiacha mpaka ifike hali ya kufanywa yote kwa mara moja unakuwa umeingia kwenye hatari kubwa. Nyumba yenu haijafika huko. Ina boriti mbili na ukuta mmoja. Mkianza sasa, kwa nguzo za kutegemeza kama nilivyosema, ni kazi ya kawaida kabisa. Mkisubiri mpaka watoto wenu wakue itakuwa kazi nyengine.

Mpita_Darajani

Nimekwenda kugonga. Upande wa jikoni plasta yote imeachia, inalia uwazi kuanzia chini mpaka kwenye swichi ya taa. Fundi naomba tuonane.

Na kuhusu kiwanja mimi siwezi kukaa bila njia ya kumtoa mama, lakini kama kutakuwa na pahala pa gari kugeuza kule mwisho wa mtaa kama alivyosema ndugu wa Mombasa basi mkungu sina ugomvi nao.

BiAsumini

Mola akujaalie kheri mwanangu, hilo tutalisimamia sote.

MjukuuWaKiponda, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kabla hawajaenda wanaotaka kukata, mwambie mnaomba kikao cha mtaa. Andikeni barua fupi, mseme mnachotaka na sio mnachokataa tu: mkungu ubaki, ukatwe matawi makavu na yanayogusa bati, udongo uzungushiwe baraza ya mawe na chokaa watu wakae, pembeni patandikwe mawe yaliyoachiana nafasi ili maji yapite, ratiba ya kufagia majani iwekwe kwa nyumba, na gari za wagonjwa zipewe pa kugeuza mwisho wa mtaa. Wazee wa bao wasaini wote. Nakala mpeleke Mamlaka, mti wa kiwanja cha Mji Mkongwe haukatwi kwa maneno ya barazani tu.

MjukuuWaKiponda

Sheha amekubali, kikao Ijumaa baada ya Alasiri, hapo hapo chini ya mkungu. Fundi na Bi Asumini mnakaribishwa sana, kahawa juu yetu. Ndugu wa Mvita ukiwa Unguja karibu pia.

FundiNiru

Ntakuja inshallah, na ntakuja na nguzo za kutegemeza dari nizione zinakaa vipi. Mpaka nifike watoto wasilale chumba kile cha boriti, na mtu yeyote asiguse ukuta.